Mkwe Wangu Ndiye Aliyenisemea

Watu wa kanisani huniuliza nilipona vipi, nami huwajibu kwa ufupi kwamba Mungu ni mwema na madaktari walijitahidi. Ni kweli, lakini si yote. Yaliyobaki nayaandika hapa kwa ajili ya mama yeyote aliyekaa kwenye benchi la hospitali katika nchi ambayo hajui lugha yake, akisubiri mtu mwingine amsemee. Kiswahili hiki nimekipata ukubwani, kwenye mashamba ya chai na kwenye foleni. Binti yangu amenisahihishia herufi tu. Maneno ni yangu, na hasira iliyomo ni yangu pia.

Mimi ni Mwacholi wa Sudan Kusini, upande wa Torit. Nilifika Litein nikitoka kambini, na karatasi zangu za ukimbizi na begi moja, nikaja kwa binti yangu Aber na mumewe Odong. Odong aliingia Kenya akiwa mtoto, akasomea huku, na sasa ni fundi wa umeme hapo Litein. Kiswahili anakiongea kama mwenyeji. Aber alikuwa amenitangulia kwa mwaka mmoja tu na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: nyanya, vitunguu, punguza. Mimi sikuwa na hata hicho. Nilijua Kiacholi na Kiarabu cha Juba, na hapa Litein Kiarabu cha Juba hakikusaidii hata kununua chumvi.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mkwe hali chakula mbele yangu, hanishiki mkono, haketi ninapoketi, na mambo ya mwili wangu hayamhusu kabisa. Kukaa karibu naye kulikuwa tayari aibu ambayo vita vilitulazimisha. Odong alinitafutia chumba upande wa pili wa ua, kwa mama mzee Mkipsigis tuliyemwita Kogo, yaani bibi. Akitaka kupita alikohoa kwanza ili nipate kugeuka. Nilijisifu moyoni kwamba binti yangu ameolewa na mtu mwenye adabu.

Damu ilianza pamoja na mvua ndefu. Mambo ya mwezi yalikuwa yameniacha miaka mitatu nyuma, kwa hiyo nilipoona doa la kwanza nilidhani nimejikwaruza mahali. Nilikuwa namsaidia Kogo kuchuna majani kwenye shamba lake, na ile plastiki tunayojifunga kiunoni kuzuia umande ilinifichia mengi. Nilikata leso ya zamani vipande vipande, nikawa navifua mapema kabla watu hawajaamka na kuvianika chini ya kitanda. Wiki ya pili nikaogopa. Nikamwambia Aber.

Aber alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu, hawezi kutoka. Alinisikiliza huku ananyonyesha, akasema, "Nitamweleza Odong. Yeye atamweleza daktari." Kesho yake akaniambia, "Nimemwambia. Amekubali." Neno hilo, amekubali, ndilo nililolilalia kwa miezi mitano.

Siku ya kwenda zahanati tulisimamisha pikipiki mbili. Mwenye pikipiki alitushangaa. Baadaye sana Aber alinisimulia walivyosemezana.

"Si mpande moja tu? Mko wawili."

"Hapana. Yeye peke yake, mimi peke yangu."

"Kwani mmekosana?"

Tukapanda kila mtu na yake, mimi mbele, yeye nyuma yangu kwa umbali wa heshima, tukirushiwa matope ya barabara ya majani chai. Kwenye benchi aliketi mwisho kabisa, akatazama ukuta. Muuguzi alipomwita, alimuuliza kitu naye akajibu "mama", neno nililolijua. Wote pale wakachukulia kwamba ni mwanangu. Nani angewaambia vingine?

Ndani, daktari kijana aliuliza swali. Odong alisimama karibu na mlango, uso umegeukia karatasi iliyobandikwa ukutani inayoonyesha jinsi ya kunawa mikono. Nilimwona shingo yake tu. Alisema maneno mengi, kwa sauti ya chini. Daktari akanivuta kope, akatazama kucha zangu, akapima presha, akaandika kwenye daftari langu. Nikapewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Nilitoka nimefurahi. Daktari hakushtuka hata kidogo, nikasema moyoni, kumbe ni jambo dogo.

Nilivimeza vidonge vyote. Damu haikukoma. Mwezi wa sita tukarudi, pikipiki mbili tena, ukuta ule ule. Safari hii walinipa na dawa ya minyoo, na Odong akawa anatuma maini na mboga za kienyeji kupitia kwa Aber kila wikendi, maana daktari alikuwa amesema nile vizuri. Nilikula maini mpaka nikayachukia. Mwezi wa saba baridi ya huku ikaingia mifupani, mgongo ukaanza kuuma chini kabisa, na sketi zangu nikawa nazifunga kwa kamba. Kulikuwa na harufu. Nilijua ni yangu, nikawa nakaa mwisho kanisani, karibu na mlango.

Tukarudi mara ya tatu. Vidonge vyekundu.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika sura. Mwanzoni niliogopa ugonjwa. Sasa nikaanza kumwogopa daktari. Nilijiuliza, mtu huyu ameambiwa kwamba mwanamke wa umri wangu anatoka damu miezi minne, mbona hanigusi? Mbona hanilazi kitandani anitazame? Nikafikiri labda hapa wakimbizi hawachunguzwi. Labda ameshaona ninakufa na ameona heri asisumbuke. Nililala na mawazo hayo na kuamka nayo. Kumuuliza Odong sikuweza, maana kuuliza ni kulitaja, na kulitaja mbele yake kwangu kulikuwa kama kuvua nguo. Aber alimuuliza kwa niaba yangu. "Anasema amesema," akaniambia.

Mwezi wa nane nilianguka nikichuna chai. Kogo aliita majirani wawili wakanibeba hadi nyumbani, na kesho yake Odong akanipeleka hospitali kubwa zaidi. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Nilikaa saa nyingi, naye akasimama mbali kwenye dirisha, akinipa mgongo. Nilipoinuka kwenda msalani nilisikia joto likishuka miguuni, nikatazama chini, nikaona matone kwenye sakafu nyeupe. Watu wote wale wamekaa. Nilipiga magoti nikaanza kufuta kwa leso yangu, huku najisemea kwa Kiacholi, "Damu hii, Mungu wangu, damu hii itaniaibisha mpaka lini?"

Mtu akanijibu. Alikuwa mwanamke wa kufagia na kupiga deki, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa Mjaluo, jina lake Awuor, mmoja wa watu wa ziwani waliokuja huku kwa kazi. Lugha yake na yangu ni za ukoo mmoja. Mimi nikimsikia Mjaluo ni kama namsikia Mwacholi anayeongea huku anakimbia. Ukimwomba apunguze mwendo, mnaelewana. Na neno la damu kwao na kwetu ni lile lile.

"Acha, mama. Hiyo ni kazi yangu," alisema, akanishika kiwiko akaniinua. "Imeanza lini?"

"Tangu mvua."

"Na daktari amesema nini?"

"Amenipa vidonge. Anajua."

Awuor alinyoosha mkono. "Lete daftari."

Alisimama pale pale akalisoma, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akarudia wa kwanza. Mimi nilikuwa natazama midomo yake.

"Hapa wameandika uchovu," alisema pole pole ili nimfuate. "Hapa kizunguzungu. Hapa ameishiwa damu mwilini, hana hamu ya kula. Mama, ya kutoka damu haiko. Haijaandikwa popote."

Sijui nieleze vipi nilichosikia. Miezi mitano yote nilidhani nabebwa na watu wanaojua. Kumbe nilikuwa nabeba peke yangu.

"Nani alikuwa anakusemea?"

Nilimwonyesha Odong kwa kidevu, kule dirishani.

"Mtoto wako?"

"Mkwe wangu."

Awuor aliegemeza mti wa deki ukutani. Watu wa ziwani wana heshima ile ile tuliyo nayo sisi; haikuwa lazima nimfafanulie kitu. Alimtazama Odong kwa muda, kisha mimi. "Huyo hangeweza," alisema. Alisema kwa huruma, na huruma hiyo sikujua ni ya nani kati yetu.

Alinishika mkono akanipeleka mbele ya foleni nzima. Muuguzi akamzuia mlangoni; maneno yao Awuor alinieleza baadaye.

"Awuor, na wewe unapitisha watu sasa? Si uende deki yako."

"Sista, huyu mama anatoka damu tangu mwezi wa tatu na hakuna mahali imeandikwa. Na yule kijana si mtoto wake. Ni mkwe."

"Si anamwita mama?"

"Kwetu tunaita hivyo."

Muuguzi, Mkipsigis wa makamo, alimtazama Odong kule dirishani. "Hata kwetu hiyo haiongeleki," akasema, akafungua mlango.

Daktari wa siku hiyo alikuwa mwanamke. Awuor aliketi upande wa kichwa changu, glavu zake za mpira bado mikononi, akawa daraja letu. Maswali yalikuja yale niliyokuwa nimeyasubiri tangu Aprili: lini, kiasi gani, rangi gani, kuna harufu, kuna maumivu. Nilijibu yote nikilia, si kwa uchungu. Nilikuwa nalia kwa sababu mtu anauliza. Kisha nikalazwa, taa ikawashwa, nikaona uso wa daktari ukibadilika. Huyu alishtuka. Alikata kinyama kidogo akakitia kwenye chupa, akasema tusubiri wiki tatu.

Wiki hizo tatu nisingemtakia hata adui. Majibu yalipotoka, Awuor aliyasikiliza, akanishika mkono, nikamwambia, "Sema tu." Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Haikuwa imesambaa mbali, lakini haikuwa ya jana wala juzi. Matibabu yapo, alisema daktari, ila tuanze haraka, maana tumeshachelewa.

Jioni hiyo Aber alimwuliza mumewe uani, nami nilikuwa chumbani kwangu na dirisha li wazi.

"Ulisema nini kule ndani?"

"Nilisema mama hana nguvu."

"Nilikwambia damu."

"Nilisema damu yake ni kidogo."

Mtoto akaanza kulia na hakuna aliyemchukua.

"Ningesemaje, Aber? Amekaa pale. Ningelitaja vipi mbele yake?"

Nilitamani nitoke nimpige kwa fimbo ya Kogo. Angelitaja kwa Kiswahili mimi nisingejua hata neno moja. Nisingejua ameliondoa wala ameliweka. Lakini yeye angejua. Angekuwa amesimama chumba kimoja na mimi akiujua mwili wangu, na hilo ndilo lililomshinda. Na ukweli ninaoulipia mpaka leo ni kwamba mimi pia nilitaka asijue. Nilimtuma mtu akabebe kitu, huku naomba Mungu asikiguse.

Basi, wewe unayesubiri zamu yako, kabla hujatoka kwa daktari mwombe mtu mwingine, yeyote, akusomee kilichoandikwa. Mfagizi, mgonjwa mwenzako, askari wa getini. Usitosheke na kuambiwa "nimesema". Na kama kuna neno ambalo hamwezi kulitaja wewe na huyo aliyekuleta, basi huyo si mtu wa kuingia naye, hata awe na adabu namna gani. Hasa akiwa na adabu.

Odong alihamia kwenye kibanda chake cha kazi. Aber aliacha kumpikia. Nikawa na hofu mbili: kwamba nitakufa, na kwamba nikipona nitaikuta nyumba ya binti yangu imevunjika kwa ajili yangu. Nilimsihi Aber. Alinijibu, "Mama, wewe tibiwa. Hilo lingine niachie." Hakunitazama alipolisema.

Mionzi nilipata Eldoret, wiki tano, kila siku isipokuwa wikendi, na dawa ya mshipani mara moja kwa wiki. Nililala kwa familia moja ya kanisa letu. Awuor hangeweza kuacha kazi yake Litein, kwa hiyo daktari aliweka simu mezani, akamwongelesha yeye, naye akaniongelesha mimi, na nyuma ya sauti yake nilisikia ndoo na maji. Kwenye chumba cha kusubiri tulikuwa wanawake wa kila kabila. Mmoja wetu alikuwa na chupa ya chai, akawa anaipitisha bila kuuliza mtu anaitwaje. Pale ndipo Kiswahili changu kilipozaliwa. Neno langu la kwanza la maana lilikuwa "bado", maana ndilo tuliloambiwa tukiuliza kama mashine iliyoharibika imetengenezwa.

Mwili ulinigeuka. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyeusi kama imeungua, tumbo likaharisha mpaka nikaogopa kula, na kila kitu kilikuwa na ladha ya sufuria. Niliporudi Litein, mvua za mawe zilikuwa zimepiga chai ya Kogo na majani yote yalikuwa chini. Mwenyewe hakulalamika. Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye majivu, akanimiminia kikombe na kuketi mpaka nimalize. Ndicho kitu cha kwanza kilichokaa tumboni. Alikuja hivyo kila siku, na tulikuwa hatuna hata maneno kumi ya kuongea.

Odong alikuwa amerudi nyumbani, nadhani Aber alichoka kukasirika. Lakini mimi hakunikaribia. Alikohoa akiwa mbali zaidi ya zamani. Tangu siku ya majibu hatukuwa tumebadilishana neno.

Januari, jua likiwa kali na chai haina jani, niliitwa Eldoret kwa vipimo vya kuonyesha kama mionzi imefanya kazi. Mtoto wa Aber alikuwa na homa, kwa hiyo Odong ndiye aliyenisindikiza. Awuor alikuwa ameahidi kukaa karibu na simu. Nilipoingia tulimpigia mara nne, hapatikani. Alikuwa amekwenda kwao ziwani kumzika kaka yake, na kule mtandao ni wa kubahatisha.

Daktari akauliza, "Sasa nani atatusaidia?"

Hilo nilielewa. Nilielewa pia kwamba nikisema nije siku nyingine ni wiki tatu tena, za kulala na kuamka bila kujua. Nikafikiria sana, pengine dakika nzima. Kisha nikafungua mlango mwenyewe, nikaita, "Odong." Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina.

Aliingia akaenda moja kwa moja ukutani.

"Geuka," nikamwambia kwa Kiacholi. "Safari hii sema yote. Hata kama itatuua wote wawili."

Aligeuka. Macho yake yaliishia kwenye viatu vyangu, hapo hapo yakabaki. Daktari aliuliza, naye akatafsiri. Aliniuliza kama bado natoka damu. Akaniuliza inatoka wapi, akapataja mahali penyewe. Aliniuliza kuhusu harufu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, lakini aliuliza moja baada ya jingine, nami nikajibu moja baada ya jingine, nikitazama mikono yangu. Alitoka nilipochunguzwa, akarudi alipoitwa. Daktari akatazama picha za vipimo vyangu kwenye kompyuta, akaongea kwa muda mrefu na kwa haraka, nikashika neno hapa na neno pale. Nikashika "uvimbe". Nikashika "mionzi".

"Anasema mlango wa kizazi chako umepona vidonda," alisema Odong. "Anasema ule uvimbe hauonekani."

Nilifunika uso kwa leso nikaanza kuinuka, nikitaka nitoke nje nikalie vizuri.

"Keti, mama," alisema. "Sijamaliza. Amesema hauonekani kwa sasa. Kwa sasa. Amelirudia mara mbili, na mimi siliondoi."